Kabla ya Kupaka Lami Tabaka la Kinga: Kwa Mafundi Wapya wa Dodoma

Ndugu zangu mnaoanza kazi hii, naomba mfahamu kwanza kwamba weusi unaong'aa si ushahidi wa kazi njema. Jua na hewa huikausha lami hadi ikawa ya kijivu na kukakamaa, kisha hupasuka na kupitisha maji yanayolegeza msingi. Emalsheni tunayopaka, yaani lami iliyochanganywa na maji, huukinga uso huo, lakini haiongezi nguvu ya barabara hata kidogo. Mkikuta nyufa zilizosukana kama ngozi ya mamba, mwambieni mwenye eneo kwamba msingi umelegea na pahala hapo pakatwe pajengwe upya, hata kama kwa kusema hivyo mtaikosa kazi.

Hapa Dodoma adui wetu ni vumbi. Kiangazi hutupa miezi mingi bila mvua, ila upepo wa mchana hurudisha juu ya lami kile mlichokifagia asubuhi. Mwaka wangu wa kwanza nilipaka maegesho ya ofisi moja saa nane mchana, baada ya kufagia mara moja tu; mvua za Desemba zilipoanza, tabaka lote lilibanduka vipande vipande, nami nikarudia kwa gharama yangu. Tangu hapo nafagia kwa brashi ngumu, napuliza nyufa kwa kompresa, naosha, nasubiri pakauke, ndipo naanza kupaka mapema asubuhi. Madoa ya oili nayasugua kwa sabuni na kuyasuuza, kwa kuwa emalsheni haishiki juu ya mafuta, na nyufa zinazozidi upana wa milimita 6 huzibwa kabla ya kupaka.

Maji ya kuchanganyia yafuate kipimo cha mtengenezaji. Najua kishawishi cha kuongeza ndoo mbili ili pipa lifike mbali, lakini kinachobaki baada ya maji kukauka ni utando usiomaliza mwaka. Pakeni mara mbili kwa wembamba, na mkono wa pili usubiri wa kwanza ukauke. Lami ya barabara iliyo mpya kabisa iacheni kwanza, walau miezi 6, ndipo mpake.

Mkimaliza kupaka fungeni eneo kwa saa 24, na pamoja na kamba wekeni mlinzi, maana bodaboda wa mji huu kamba huziinamia wakapita.