Maswali yenu: rangi ya gari katika vumbi la Goma

Safari hii karibu wote mmeuliza juu ya rangi. Maswali marefu nimeyafupisha, na yanayofanana nimeyaunganisha. Jina lililo mwisho wa kila swali ni mtaa wa aliyeuliza.

Prado yangu nyeusi ilikuwa inang'aa nilipoinunua. Sasa jua likiipiga naona mistari myembamba ya mviringo, mithili ya utando wa buibui. Na kila asubuhi mlinzi anaifuta vizuri kwa kitambaa! – Himbi

Ni huko kufuta kwenyewe, papa. Vumbi letu si udongo tu. Mji umekaa juu ya lava, barabara nyingi za mitaani ni mawe ya volkeno yanayosagwa na matairi mchana kutwa, na punje zake zina ncha kali, tena ni ngumu kuliko verni, lile tabaka angavu linalofunika rangi. Kitambaa kikavu kikipita juu yake kinageuka msasa. Mwambie mlinzi apumzike. Vumbi liondoke kwanza kwa maji yanayotiririka, ndipo mkono uguse.

Halafu chukua ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Anza na paa ukishuka. Sehemu za chini ya milango ziwe za mwisho, kwa kitambaa chao. Sabuni iwe ya gari. Ya unga ya kufulia inaondoa nta yote uliyopaka. Ukimaliza, chungulia chini ya ile ndoo ya kusuuzia. Mchanga mweusi utakaouona umetuama pale ndio mlinzi alikuwa anauzungusha juu ya Prado yako kila siku. Mistari iliyokwisha kuingia inahitaji polishi. Soma jibu la mama wa Katindo hapo chini.

Naosha gari kwa maji ya ziwa, bidoni zinaletwa na chukudu. Likikauka linabaki na madoa meupe ya duara, nasugua hayatoki. – Kyeshero

Acha kusugua. Maji ya Kivu yana madini mengi yaliyoyeyuka, karibu gramu 1 kwa kila lita, na pH yake (kipimo cha asidi na alkali) juu ya ziwa ni kama 9, yaani ni ya alkali. Tone likikaukia juani, maji yanapaa na madini yanabaki yameng'ang'ania verni. Changanya siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu. Gari likiwa kivulini na limepoa, lowesha kitambaa laini, kilaze juu ya doa kwa dakika moja hivi, kisha suuza vizuri kabla siki haijakauka. Siku nyingine osha mapema asubuhi, na ukaushe papo hapo kwa taulo ya mikrofaiba. Kama doa limetoka lakini pamebaki kishimo, madini yamekula verni.

Wengine wameniuliza kama maji ya mvua si bora. Hapa kwetu usiyaamini upesi. Nyiragongo, volkeno yetu, ikifuka, moshi wake una gesi za salfa, na mvua inayopita humo inashuka na asidi. Mvua ya kwanza baada ya siku kadhaa za moshi isiachwe ikaukie kwenye kapo, yaani boneti.

Ni kweli dawa ya meno inaondoa mkwaruzo? – Mabanga

Ule hafifu unaweza kufifia, kwa sababu dawa ya meno ina chembe za kusugulia. Ila hujui ukali wa chembe hizo, na polishi laini inafanya kazi hiyo kwa usalama zaidi. Pitisha ukucha kwanza: ukikwama, mkwaruzo umeingia mno, hapo hata polishi ya bei gani haitaufuta.

Wenzangu wa taksi wanapaka mazutu (dizeli) ili gari ling'ae. Nami nifanye? – Ndosho

Hapana, mdogo wangu. Unaona mng'ao wa mafuta, si wa rangi. Mazutu inayeyusha nta, inaharibu mipira ya milango, na kabla hujafika Birere vumbi lote la njiani limekwisha kuganda juu yake.

Nataka kupiga polishi mwenyewe nyumbani. Sina mashine, umeme nao unakatika. Itawezekana? – Mama wa Katindo

Itawezekana, mama, tena mkono una heri yake. Mashine ya kuzunguka mikononi mwa asiyeizoea, hasa drili iliyofungwa sponji, inaunguza verni ya kwenye kingo kwa sekunde chache tu.

Ujue kwanza unachopunguza. Verni ya kiwandani ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele mmoja unaizidi. Polishi haizibi mstari: inakata verni inayouzunguka mpaka usawa wa chini. Unatumia akiba isiyorudishwa, ndiyo maana mimi simwelewi mtu anayepiga polishi kila mwezi.

Osha, kausha, kisha ingiza mkono kwenye mfuko mwepesi wa plastiki (ule wanaokunyang'anya ukivuka kwenda Gisenyi) upapase kapo. Ukisikia chembechembe, pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi, kwa maji mengi ya sabuni. Udongo huo ukianguka chini, utupe. Usiuokote.

Jaribu polishi mahali pasipoonekana, kwa kitambaa cheupe. Kikichukua rangi ya gari, ama gari ni la tabaka moja lisilo na verni, ama verni imekwisha. La tabaka moja linapigika, ila kwa mkono mwepesi. Kama verni ndiyo imekwisha, acha kabisa. Kikibaki cheupe, endelea. Funika plastiki na mipira kwa skochi ya karatasi, ule utepe unaonata. Weka matone machache kwenye sponji, fanya eneo la sentimita 40 kwa 40, sugua kwa mistari iliyonyooka inayopishana, dakika 2 au 3, futa, halafu mulika kwa tochi ya simu ukiishika upande. Kapo leo, mlango kesho. Hakuna anayekufukuza.

Malizia na nta, tabaka jembamba sana. Ya karnauba, inayotokana na majani ya mti mmoja wa Brazili wa jamii ya michikichi, hukaa wiki kadhaa, ikibahatika miezi 2 au 3.

Verni ya paa inabanduka vipande vipande. Polishi gani itanisaidia? – Majengo

Hakuna. Tuko kwenye mita 1,500 hivi, karibu na ikweta, na jua limekwisha kufanya kazi yake. Paa lipigwe msasa na kupakwa upya na fundi wa rangi.

Nitajuaje nta imekwisha? – Himbi

Mwagia kapo maji safi. Yakijikusanya matone matone na kuteleza, bado ipo. Yakitandaa bapa, paka nyingine baada ya kuosha; polishi huhitaji.