Simba aliyelia

Mama alifariki mwezi wa sita, kipindi ambacho baridi ya Mbeya inaingia mpaka kwenye mifupa. Ilikuwa saratani. Tulikuwa tumemwombea miezi minane, kwa mikesha na mifungo, na wachungaji walikuja mpaka nyumbani Uyole kumwekea mikono. Hakupona. Msibani kila aliyenishika mkono aliniambia neno lile lile: usilie, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Simlaumu mtu, ndivyo tunavyofarijiana. Lakini kuanzia siku zile imani yangu ikabaki miguuni tu, ikinipeleka kanisani na kunirudisha. Kwaya niliimba. Biblia nilifungua, maneno yakanipita kama basi la Tunduma lisilosimama kituoni kwetu.

Naandika haya kwa ajili ya ndugu aliyefika hapo nilipokuwa. Kilichonizibua masikio kilikuwa kitabu cha watoto.

Nafundisha Kiingereza sekondari. Siku moja, nikipanga maboksi ya vitabu vya msaada maktabani, nilikuta The Magician's Nephew cha C. S. Lewis, cha mwaka 1955, kimojawapo kati ya vitabu saba vya nchi ya kubuni iitwayo Narnia. Nilikichukua nikitafuta kifungu cha ufahamu kwa wanafunzi. Usiku nikajifunika blanketi mbili nikaanza kusoma.

Ndani yake yumo mvulana, Digory, ambaye mama yake ni mgonjwa na madaktari wamekata tamaa. Anafika mbele ya Aslan, simba anayeiumba nchi ile kwa kuimba, na anamwomba kitu cha kumponya mama. Wakati wote alikuwa akitazama makucha ya simba kwa hofu. Sasa anainua macho kumtazama usoni, na anaona simba analia. Machozi yake ni makubwa kuliko ya mtoto mwenyewe, utadhani mwenye uchungu zaidi juu ya mama yule ni simba. Nilifunga kitabu pale pale. Nililia kuliko nilivyolia makaburini.

Baadaye nilijifunza habari za mwandishi. Mama yake Lewis alikufa kwa saratani mwaka 1908, naye akiwa na miaka tisa. Alimwombea apone, hakupona. Alikua akaiacha imani kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1931, akiwa mwalimu Oxford, aliporudi kwa Kristo, na miongoni mwa waliomsaidia ni rafiki yake J. R. R. Tolkien, naye mwandishi wa hadithi za namna hii. Kwa hiyo ukurasa ule ameuandika mtu aliyepita nilimopita mimi. Hilo lilinipa ujasiri wa kumwamini.

Asubuhi nilifungua Yohana 11, kwenye kaburi la Lazaro. Mstari wa 35 nimeukariri tangu shule ya Jumapili, kwa kuwa ni mfupi: Yesu akalia machozi. Siku hiyo niliusoma kama mtu aliyeletewa barua. Anajua atamfufua Lazaro dakika chache zijazo, na bado analia na dada zake. Hakuwaambia Mariamu na Martha wasilie.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: usisome hadithi kama mtu anayefanya mtihani wa Biblia, ukiuliza kila ukurasa huyu ni nani na ile ni ishara ya nini. Iache hadithi ikukamate kwanza. Kisha rudi kwenye Maandiko siku hiyo hiyo, kabla joto halijapoa. Hadithi isiyokurudisha kwenye Biblia itakuburudisha tu, na kuburudika si dhambi, ila usikuite kukua.

Wazee wetu wa kanisa wana hofu moja, na naiheshimu: hadithi hizi zina wachawi na wanyama wanaosema. Huku kwetu uchawi si mchezo, umetenganisha ndugu na umeua watu. Ninachowajibu ni kwamba katika kitabu hiki cha Digory mchawi ni adui, wala msomaji hafundishwi kazi yake. Na Biblia yenyewe ina miti inayokwenda kujitafutia mfalme, ikiongea na mzeituni, mtini na mzabibu, mpaka ikaangukia miiba, katika Waamuzi 9. Nabii Nathani alipotaka kumfikia mfalme Daudi hakumhubiria. Alimsimulia habari za maskini na kondoo wake mmoja. Hata hivyo kitabu kikikuacha unatamani nguvu za kuwatawala wenzako, kiweke chini. Na ndugu ambaye jambo hili linamtia hofu usimlazimishe.

Kama Kiingereza ni kizito, anza na Safari ya Msafiri cha John Bunyan, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1678 na kipo kwa Kiswahili. Msafiri amefungwa katika ngome ya jitu la kukata tamaa, kisha anakumbuka kwamba muda wote alikuwa na ufunguo kifuani, uitwao Ahadi. Cha Tolkien, The Lord of the Rings, ni kirefu mno, kinahitaji likizo nzima. Lakini pale mtumishi aitwaye Sam anapotambua kwamba mzigo wa bwana wake hawezi kumpokea, akaamua kumbeba bwana mwenyewe, niliwaona akina mama wa jumuiya yetu. Wiki tatu walinichotea maji na kunipikia. Msiba hawakuweza kunibebea, walinibeba mimi. Wagalatia 6:2, ile ya kuchukuliana mizigo, sasa ina sura zao.

Siku hizi nawasomea wanangu jioni, karibu na jiko la mkaa, nikitafsiri mstari kwa mstari. Tulipomaliza hadithi ya Digory, ambamo mama anakula tunda na kupona, binti yangu aliuliza kwa nini bibi hakupewa tunda. Sikumjibu haraka. Nilimwambia mwandishi naye mama yake hakupona. Kisha nikafungua Yohana 11, tukasoma pamoja mpaka mstari wa 35, na usiku ule tukaishia hapo.