ANKO ANAJIBU: Ozzy Osbourne, popo, na lile swali watu hawaulizi

SWALI: Anko habari za huko. Kijana wangu wa kidato cha tatu (S3) amebandika ukutani picha ya mzungu mmoja mzee amepaka wanja macho yote na msalaba mkubwa kifuani, ati ndo Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya Black Sabbath. Hayo makelele anayapiga mpaka usiku. Jirani ninayesali naye kaniambia nichome hizo picha haraka kabla nyumba haijaingiliwa, kwamba huyo mtu alikuwa wakala wa shetani na alikula popo mzima jukwaani. Ni kweli? – Mama kijana, Jinja

JIBU: Mama kijana, weka kiberiti chini kwanza tuongee.

Jina lake la nyumbani ni John Michael Osbourne, alizaliwa tarehe 3 Desemba 1948, akakulia Aston, mtaa wa watu wa viwandani pale Birmingham, Uingereza, watoto sita kwa nyumba ndogo, baba anaingia kazini usiku na mama anaingia mchana. Shule ilimshinda maana herufi zilikuwa zinamchanganya kichwa, akaacha akiwa na miaka 15, akafanya vibarua, machinjioni alikaa, kiwanda cha honi za magari alikaa, alafu akaanza kuvunja maduka, akakamatwa, baba mtu akakataa kumlipia faini ili apate akili, basi akalala gerezani Winson Green wiki kama sita. Toa majina ya kizungu hapo uweke Katwe ya Kampala uone kama stori inabadilika.

1968 akaungana na Tony Iommi wa gita, Geezer Butler wa besi na Bill Ward wa dramu. Huyu Iommi mashine ya kiwanda ilikuwa imemkata ncha za vidole viwili akiwa na miaka 17, mwenyewe akayeyusha plastiki ya chupa akajitengenezea ncha bandia, baadaye akawa analegeza nyuzi za gita zisimuumize, na ile sauti nzito inayokunyima usingizi sehemu yake kubwa imetoka hapo. Mimi stori hii naipenda kuliko za mashetani zote, lakini nani anaihubiri?

Haya, shetani sasa. Jina la bendi walilitoa kwa filamu ya kutisha. Waliona watu wanapanga foleni na kutoa pesa yao ili waogopeshwe, wakasema mbona na sisi tusifanye muziki wa kuogopesha. Ndo biashara hiyo, hakuna mkataba wa damu. Albamu ya kwanza ikatoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970, na kampuni ikachora msalaba uliopinduliwa ndani ya jalada bila hata kuwauliza wenyewe. Butler aliyekuwa anaandika maneno mengi ya nyimbo ni mtu aliyelelewa Mkatoliki. Na ile misalaba shingoni? Ya kwanza aliwatengenezea baba yake Ozzy kazini kwake, ya kuwakinga na mabaya! Wimbo wao War Pigs wa 1970 unawasema wakubwa wanaoanzisha vita alafu wanatuma maskini wakafe, sasa hapo sijui pepo yuko wapi.

Popo ni kweli ila si mzima. Tarehe 20 Januari 1982, mji wa Des Moines kule Marekani, shabiki alimrusha jukwaani (siku hizo watu walikuwa wanamrushia hata nyama mbichi), Ozzy anasema alidhani ni mdoli wa mpira akang'ata kichwa. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameng'ata kichwa cha njiwa kwenye mkutano na wakubwa wa kampuni ya rekodi Los Angeles, na hapo hakuna cha mdoli, alikuwa amelewa na njiwa alikuja naye mwenyewe.

Wewe uko Jinja, unakumbuka 2018 waziri wa maadili alivyotaka kulifuta tamasha la muziki la Nyege Nyege na mwisho watu wakacheza tu. Muziki kuitwa wa shetani si jambo geni kwako. Picha ziache. Kuhusu makelele ya usiku, hapo kijana hana utetezi, mnunulie hedifoni.

SWALI: Anko sisi huku Ibanda tukisikia popo tunawaza Marburg, ile homa ya virusi inayoua, moja kwa moja. Huyo alipona vipi? – Wa kliniki

JIBU: Swali la mtu aliyeona mambo. 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka walipata Marburg huko huko kwenu, na 2008 mtalii Mholanzi aliingia pango la chatu msitu wa Maramagambo, akarudi kwao akafa. Wale ni popo wa matunda wanaolala mapangoni. Popo wa Iowa ni wengine, wadogo wanaokula wadudu, hawana historia ya Marburg, tatizo lao ni kichaa cha mbwa, ndo maana Ozzy alitolewa kwenye shoo akapelekwa hospitali kuchomwa sindano za kichaa, na siyo moja. Aliendelea na ziara. Lakini asitokee mtu wa Kasese au Ibanda akasema kama Ozzy alipona na mimi nitapona. Popo usimshike, hata aliyekufa, hata kwa beti.

SWALI: Ni kweli wimbo wake ulimfanya kijana ajiue? – Mwanafunzi, Mbarara

JIBU: Kijana wa miaka 19 wa California alijiua mwaka 1984, wazazi wakamshtaki Ozzy na kampuni ya rekodi ya CBS kwa wimbo Suicide Solution. Mahakama ikaitupa kesi, na 1988 rufaa ikasema hivyo hivyo, kwamba hakukuwa na jinsi msanii angejua hayo yatatokea. Wimbo wenyewe ni wa kuonya kuhusu pombe, inavyomuua mtu polepole. Wazazi wale siwacheki hata kidogo. Uchungu ule unatafuta mtu wa kumkamata.

SWALI: Anko nimesikia alitaka kumuua mkewe alafu wakakaa pamoja mpaka mwisho. Inakuwaje? – Fundi redio, Arua

JIBU: Afadhali umeuliza wewe, maana barua za popo ninazo mfuko mzima na hii ni moja tu.

Mkewe ni Sharon, binti wa Don Arden aliyekuwa meneja wa Black Sabbath. 1979 wenzake walimfukuza Ozzy kwa pombe na unga, akajifungia hotelini Los Angeles akisubiri kufa kwa kunywa. Sharon ndo alimtoa mle, akamtafutia bendi, akamsimamia, 1980 ikatoka albamu Blizzard of Ozz na yule kijana fundi wa gita Randy Rhoads. Machi 1982 Rhoads akafa Florida, rubani alikuwa anachezacheza na kandege juu ya basi la bendi, bawa likagonga basi. Alikuwa na miaka 25. Julai mwaka huo huo Ozzy na Sharon wakaoana.

Sasa Septemba 1989, nyumbani kwao Uingereza, watoto watatu wadogo wako ndani, Ozzy amelewa na ametumia madawa, akamkaba Sharon koo. Polisi wakamchukua kwa jaribio la kuua. Anasema aliamka selo hakumbuki kitu. Sharon akafuta mashtaka, jamaa akapelekwa rehabu.

Linganisha na hili. Februari 1982 alilewa San Antonio, Texas, amevaa gauni la Sharon maana Sharon alimfichia nguo asitoke hotelini, akakojolea mnara wa mashujaa wa vita vya Alamo. Mji ukamfungia miaka kumi asipige shoo hapo! Kwa jiwe, miaka kumi. Kwa shingo ya mke, rehabu, na 2002 televisheni ya MTV wakampa shoo ya familia, dunia nzima ikamcheka baba mchekeshaji anayetembea nyumbani akigugumia na kuita "Sharon!"

Sisemi Sharon alikosea kubaki, ndoa yake anaijua yeye, na miaka ya mwisho jamaa aliacha pombe kweli. Ila hapa kwetu pia mtu akimkaba mkewe tunasema ni waragi ilimtuma, alafu Jumapili tunaenda kukemea nguo za wasanii. Mimi ukiniuliza usiku gani wa Ozzy ni wa kutisha, sitakutajia popo.

SWALI: Alikufaje, na pesa za shoo ya mwisho alikula nani? – Msomaji, Gulu

JIBU: Alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, alitangaza Januari 2020, na mgongo ulikuwa umeharibika baada ya kuanguka. Shoo ya mwisho ilikuwa tarehe 5 Julai 2025 uwanja wa Villa Park, hapo hapo Aston alipokulia, aliimba amekaa kwenye kiti kama cha kifalme maana kusimama hawezi, Black Sabbath wote wanne wa mwanzo walikuwepo, Metallica na Guns N' Roses nao walipiga. Faida waliiahidi hospitali ya watoto Birmingham, kituo cha watoto wagonjwa mahututi na utafiti wa Parkinson. Akafa tarehe 22 mwezi huo huo, miaka 76.

Kama hujawahi kumsikiliza anza na albamu ya Black Sabbath, Paranoid ya 1970, ukimaliza nenda Blizzard of Ozz. Hizo za katikati ya miaka ya 80, zenye nywele nyingi kuliko nyimbo, unaweza kuruka tu.