Taa za breki kufifia upande mmoja

Mambo mkuu. Unasema taa za nyuma za gari lako zinawaka fresh, ila ukikanyaga breki upande wa kushoto unafifia na indiketa nayo inawaka kidogo. Usikimbilie kununua balbu, cheki ethi kwanza, yaani ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Yangu ilinisumbua hivyohivyo, fundi mmoja hapa Arusha akataka nibadilishe taa nzima (hela yenyewe ya kuunga unga), kumbe ethi imeota kutu pale inapofungwa kwenye bodi, nikakwangua na msasa nikakaza nati ikawaka. Ikigoma, chomoa balbu ya 21/5 (ile ya nyuzi mbili, wati 21 ya breki na wati 5 ya taa ya nyuma) uone kama iliingizwa kinyume, vile vipini vya pembeni mwa kitako chake haviko usawa mmoja. Taa za breki zikizima zote mbili ndo uangalie fyuzi na swichi ya pedeli ya breki.