Fyuzi ya BSA inakatika kila nikiwasha taa

SWALI: Fundi wetu, asalaam aleikum. Ninayo pikipiki ya BSA ya mwaka 1969 niliyoirithi kwa babu yangu, aliyeitumia miaka mingi katika shamba la mkonge. Mchana haina tatizo, lakini usiku nikiwasha taa na kushika njia ya Pangani, fyuzi hukatika baada ya mwendo mfupi, hasa ninapokata kona au kupita penye mashimo. Fundi mmoja alinifungia betri mpya, kisha akaweka fyuzi ya kisasa ya ampea 35, kwa kuwa ile ya zamani iliandikwa 35. Sasa haikatiki, ila nasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nifanye nini?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kabla ya jambo lolote, itoe fyuzi hiyo leo hii na usiiendeshe pikipiki mpaka shoti, yaani mahali umeme unapovuja kwenda kwenye chuma, ipatikane, kwa sababu harufu unayoisikia ni ya waya zinazofanya kazi ya kuungua ambayo fyuzi ilipaswa kuifanya.

Fundi wako hakukosea kusoma, ila namba ile ina maana nyingine. Fyuzi za kioo za kampuni ya Lucas zilizofungwa katika pikipiki za Uingereza za wakati huo ziliandikwa kiwango cha umeme kinachozikata, si kile zinachoweza kubeba muda wote, na iliyoandikwa 35 hubeba takriban ampea 17 tu kwa mfululizo. Fyuzi ya kisasa ya 35 hubeba ampea 35 zote bila kukatika. Piga hesabu mwenyewe: taa ya mbele ya wati 50, ya nyuma ya wati 6 na ya breki ya wati 21 ni wati 77, ambazo kwa volti 12 ni kama ampea 6 na nusu. Hata ukiongeza koili na honi, fyuzi ya kisasa ya ampea 15 inatosha.

Dalili ulizozieleza zinasaidia sana. Kwa kuwa mchana hakuna tatizo, shoti imo katika njia ya taa. Na kwa kuwa hutokea kwenye kona na mashimo, kuna waya uliochubuka unaogusa chuma pale tu unapovutwa au kutikiswa. Chomoa balbu za mbele na za nyuma, toa fyuzi, na mahali pake unganisha balbu ya breki ya volti 12, wati 21, kwa vipande viwili vya waya. Zima ufunguo wa injini, kisha washa swichi ya taa. Balbu hiyo isiwake. Sasa geuza usukani taratibu kutoka kushoto hadi kulia, mwombe mwenzako akae kwenye kiti na kuuchezesha mkia, huku wewe ukiminya fungu la waya hatua kwa hatua. Pale balbu itakapowaka kwa nguvu, mkono wako uko karibu na kidonda. Mimi ningeanzia kwenye shingo ya usukani, ambako waya hujikunja maelfu ya mara, halafu ndani ya kasha la taa ya mbele, chini ya tangi, na mwisho ndani ya madigadi ya nyuma, ambako tairi huzirushia waya mchanga na maji. Waya ulioungua ubadilishwe wote. Kuuzungushia utepe hakutoshi, maana ganda lake limekwisha kukakamaa.

Betri haikufungwa kinyume, kwani ingekuwa hivyo fyuzi ingekatika papo hapo kupitia rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini ili uchaji betri. Hata hivyo kumbuka siku ya kuibadilisha kwamba katika BSA hiyo upande wa chanya ndio unaokwenda kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki, na waya mwekundu ndio wa bodi. Mafundi waliozoea pikipiki za leo hupotezwa sana na rangi hiyo.

SWALI: Pikipiki yangu ya zamani hukatika umeme wote ghafla, kisha hurudi nikiigusa fyuzi. Kioo chake ni safi kabisa.
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Hapo hakuna shoti. Shoti kubwa hukiacha kioo kikiwa cheusi au chenye rangi ya fedha. Kwako wewe, ndugu, kishikio cha fyuzi kimelegea au kimeshika kutu ya kijani, jambo la kawaida kwetu sisi tunaopata upepo wa chumvi kutoka baharini, na kutu hiyo huzuia umeme na kuleta joto ambalo huweza hata kuyeyusha risasi kwenye ncha za fyuzi. Chomoa waya wa betri, sugua kishikio kwa msasa laini mpaka shaba ing'ae, kaza vibanio, kisha paka grisi kidogo kwa nje. Ikiwa springi yake imechoka, nunua kishikio kipya.