Mwanangu, umeniuliza habari za komba

Mwanangu mama,

Barua yako imefika na salamu za wajukuu nimezisoma mara mbili. Mama yako hajambo, goti tu ndilo linamsumbua. Unasema wanafunzi wako wa kidato cha nne wamekubana: spishi moja, yaani aina moja ya kiumbe, inagawanyikaje ikawa mbili, na ni wakati gani mtu anaweza kusema sasa hawa ni wawili? Ukataka nikupe mfano wa kwetu Lindi, maana ya vitabuni umeichoka.

Mfano ninao. Nusu yake unaijua. Nusu ya pili sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako.

Mahali lilipokuwa dungu la babu yangu nilikuonyesha, kule Rondo, shamba lilipopakana na msitu. Msimu wa mahindi tulikuwa tunalala juu yake kufukuza nguruwe. Mimi nikikodoa macho gizani, babu yeye ameyafumba ya kwake, anasikiliza. Ndivyo alivyonifundisha kwamba komba wa Rondo ni watatu. Mkubwa analia kama mtoto aliyeachwa njiani, huyo kila mtu anamjua. Wa pili ni mdogo, anaita mara moja, halafu anaongeza na kuongeza, kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Wa tatu ni mdogo kuliko wote. Milio yake hutoka miwili miwili, inabingirika, anarudia bila kuchoka. Babu akasema hawa wadogo wawili ukiwaona mchana utadhani ni mtu na mdogo wake, ila usiku huyu akiita, yule hageuzi hata sikio. "Wanaoitikiana ndio wamoja," akasema. Neno hilo umelisikia kwangu tangu hujaanza shule. Sasa unajua lilikotoka.

Nilikuwa darasa la nne. Mwalimu akachora komba mmoja ubaoni. Nikanyoosha mkono nikasema wako watatu, babu kaniambia. Akaniagiza nimlete huyo babu. Mzee akaja kesho yake amevaa kanzu yake ya Idi, akidhani ameitwa kwa heshima. Mwalimu akamwambia awaonyeshe watoto hao komba watatu. Babu akasimama mbele ya darasa, akaweka viganja mdomoni, akaita. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, mwanangu. Nilicheka na wenzangu, babu akaniona. Hakusema neno. Msimu ule mzima alilala dunguni peke yake.

Alishazikwa zamani wakati wataalamu walipokuja na vinasa sauti. Miaka ya 1990 ndipo dunia ilipokubali kwamba yule mdogo kabisa ni spishi yake mwenyewe, wakampa jina la Rondo. Ana uzito wa gramu kama 60, yai la kuku tu, na mkia kama burashi ya kuoshea chupa. Walimtambuaje? Kwa kilio chake. Komba anatafuta mwenzake gizani, macho na rangi haviwezi kumfikisha mbali. Sauti ndiyo mlango. Asiyeitikiwa hapati mke, asiyepata mke hazai, na damu mbili zisipochanganyika kila moja inakwenda njia yake. Wanaoitikiana ndio wamoja. Mwanabiolojia Ernst Mayr aliandika mwaka 1942 kwamba spishi ni kundi la viumbe wanaozaliana wao kwa wao na waliotengwa kizazi na makundi mengine. Babu alikuwa na hilo dunguni.

Hapo najisikia nimejibu, kisha najipinga mwenyewe. Farasi na punda wanakubaliana vizuri tu, wakazaa baghala. Farasi ana kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, 64, punda 62, mtoto anabaki na 63 zisizopata wenzi wa kupangana nao, na karibu kila baghala ni tasa. Basi mlango mmoja upo kabla ya kukutana na mwingine upo baada ya mimba, na babu aliniambia habari za ule wa kwanza tu. Tena kitabu ulichoniachia kinaona sauti haikutangulia. Msitu hupungua kwa ukame wa vizazi na vizazi, kundi moja linabaki huku na jingine kule, kila upande unageuka taratibu, sauti nayo ikiwamo. Msitu ukirudi kuungana, wamekwisha kuwa wageni. Na kama watoto wa mchanganyiko ni dhaifu, wanaochagua wa kwao ndio wanaoacha kizazi, basi tofauti inazidi kukazwa. Nikitazama komba wa Rondo alivyobaki vipande vipande, katika misitu ya Rondo, Litipo, Chitoa, Noto, Ziwani huko Mtwara, mpaka Pugu na Zaraninge, katikati mashamba na barabara, naona kitabu kina haki. Halafu usiku nasikia mlio, narudi kwa babu.

Wewe huko Mwanza una mfano unaonitesa zaidi. Kwenye mawe ya ziwa lenu kuna samaki aina ya furu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, Pundamilia nyererei, dume lake jekundu, na ndugu yake dume la buluu. Jike huchagua kwa rangi. Watafiti wa Uholanzi walieleza mwaka 1997 kwamba majike yakiwekwa chini ya taa inayoficha tofauti ya rangi hizo, hayachagui tena. Na ziwani, palipo na tope ndipo wanapochanganyika, na watoto wao wanazaa vizuri. Sasa hao ni wawili au mmoja? Maji yakiwa safi hawaitikiani, yakichafuka wanaitikiana. Ukinishika koo nitasema wawili, na tope ndilo lenye kosa. Lakini nilishawahi kucheka mbele ya darasa kwa kuwa na hakika na jibu la mwalimu, kwa hiyo hili sikuhukumii. Waachie wanafunzi wagombane nalo kipindi kizima.

Ukija likizo ya Juni tutakwenda Rondo. Njoo na simu yenye kinasa sauti, na vitenge viwili vya kujifunika, baridi ya kule umeisahau. Mlio wa mkubwa ninaweza kuuiga. Wa pili pia. Ule wa miwili miwili nimeujaribu juzi uani, mama yako akatoka jikoni kutazama kuna nini. Bado haujakaa sawa, lakini nina muda mpaka Juni.

Baba yako