Diski ya Windows kwenye Linux: usifomati kwa hasira kama mimi

Juzi kijana mmoja wa Katuba ameniandikia: "Yaya (kaka mkubwa), diski yangu ya nje inafunguka kwenye Linux, mafaili yote nayaona, lakini kuandika inakataa. Inasema lecture seule, yaani kusoma tu. Niifomati?"

Nikamjibu hapo hapo: usiguse! Kufomati ni kufuta kila kitu na kuipanga diski upya. Halafu nikabaki nimeshika simu, kidonda changu kimeamka.

Mimi nahariri video za harusi hapa Lubumbashi. Nilihamia Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwa sababu mashine yangu ilikuwa imezeeka na flashi za wateja zilinijazia virusi. Nilijivuna sana, Kamalondo nzima ilijua. Basi shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaoa. Dote (mahari), kanisa, karamu mpaka asubuhi: GB 180. Akanipa diski mpya ya NTFS, mpangilio wa diski wa Windows, na Linux ikakataa kuiandikia. Sikuuliza kwa nini. Nikaifomati ext4, mpangilio wa Linux, nikanakili kila kitu, nikafuta kadi za kamera maana Jumamosi nilikuwa na kazi nyingine, nikapeleka diski mwenyewe hadi komini ya Kenya, hapa hapa mjini. Natembea kifua mbele.

Windows haisomi ext4. Ilimwambia shemeji kwamba diski lazima ifomatiwe ndipo itumike. Akabonyeza ndiyo. Hata wewe ungebonyeza.

Usiku kadhaa nilichimba kwa PhotoRec, umeme unakatika, naanza upya. Programu hiyo inarudisha mafaili bila majina yake, na video nyingine zilirudi vipande. Tulimpata mama mkwe akicheza. Kuvishana pete hatukukupata.

Na dawa ilikuwa ndogo! Tangu Windows 8, ukizima kompyuta haizimiki kabisa. Sehemu ya mfumo inalazwa tu ili kesho iwake haraka. Diski iliyokuwa imechomekwa inabaki kama daftari lililoachwa wazi katikati ya sentensi. Linux ikiliona hilo inakubali kusoma tu, isije ikaharibu. Inakulinda, wewe unaitukana. Rudi kwenye Windows, ingia mipangilio ya umeme, ondoa tiki kwenye "Activer le démarrage rapide" (washa kuwaka haraka), kisha zima. Au shikilia kitufe cha Maj (Shift) unapozima. Kama diski ilichomolewa kwa pupa, ipitishie chkdsk, programu ya kukagua diski, huko huko Windows.

Vijana, mnapenda kunakili amri za sudo (zenye mamlaka yote ya mashine) msizozielewa. Ulizeni kwanza diski ni ya nani na itasomwa wapi. Ya mteja ibaki NTFS au exFAT, mpangilio mwingine ambao Windows na Linux zote zinausoma. Linux inaandika NTFS bila shida: zamani kwa programu ya ntfs-3g, na tangu kerneli (kiini cha Linux) 5.15 ya mwaka 2021 kuna kiendeshi cha NTFS ndani yake. exFAT imo tangu 5.4 ya 2019. FAT32, mpangilio wa zamani, achana nayo kwa video, faili la GB 4 hailipokei. Ila exFAT haina kumbukumbu ya kujiponya umeme ukikatika, kwa hiyo bonyeza kitufe cha kutoa diski, subiri, ndipo uchomoe. Narudia: subiri. Na kadi za kamera usizifute kabla mteja hajaona video kwake, kwa macho yake.

Jioni kijana akaandika tena: amechomeka kwenye Windows ya jirani, ameondoa tiki, amezima, sasa Linux inaandika. Shemeji naye, tukikutana sokoni, bado ananisalimia kwa kichwa tu.